Mfuko wa ndege ya wagonjwa Makete: tuchangishe nini, na kwa utaratibu gani?

SWALI: Mimi ni katibu wa umoja wa wazawa wa Makete, mkoani Njombe. Wengi wetu tuna maduka Mwanjelwa jijini Mbeya, Makambako na Kariakoo, wengine wako nyumbani wanalima viazi na kupanda miti. Mwaka jana kijana wetu alianguka na pikipiki akaumia kichwa. Daktari alisema anatakiwa kufika Muhimbili haraka. Ndugu walianza kupigiana simu saa moja jioni, fedha za kukodi ndege zikatimia kesho yake mchana, na kijana alikuwa ameshafariki. Sasa wanachama wanasema tuchangishe tuwe na ndege ya wagonjwa ya ukanda wetu, na wameshaahidi zaidi ya shilingi milioni 30. Tunafikiria kufanya harambee Desemba watu wakija nyumbani, na kumwalika mgeni rasmi mkubwa. Je, ndege inawezekana? Tukusanye kiasi gani? Na harambee ndiyo njia sahihi?

JIBU: Kamwene, Ndugu Katibu, na poleni sana. Kifo cha mtu ambaye daktari alishasema pa kumpeleka kinauma kwa namna yake, na barua yako inaonyesha wanachama hawajatulia. Uchungu huo unaweza kuokoa watu wengine, ila uelekezwe mahali pake.

Rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Simu zilianza saa moja jioni, fedha zikatimia kesho yake mchana. Maana yake fedha zilikuwepo. Zilikuwa mikononi mwa watu walioko Mwanjelwa na Kariakoo, na watu hao hawakuwa wachoyo, maana walizitoa bila kusukumwa. Ndege nazo zilikuwepo, Dar es Salaam na Nairobi. Kilichokosekana ni fedha iliyokwisha kukusanywa, iliyokaa mahali pamoja, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "njooni, tunalipa". Kampuni ya ndege za wagonjwa hairuki kwa ahadi za ndugu walio kwenye taharuki. Inataka malipo, au barua ya dhamana kutoka kwa bima, mwajiri au taasisi inayoijua. Saa nyingi za wagonjwa wa huku kwetu hupotelea hapo, kabla hata rubani hajaamshwa.

Kwa hiyo msichangishe ndege. Changisheni mfuko wa dhamana, ambao simu ikipigwa saa nane usiku unaweza kujibu "ndiyo" ndani ya robo saa. Najua wanachama watavunjika moyo kidogo, kwa sababu ndege inaonekana kwa macho na mfuko hauonekani. Waelezeni kwa hesabu. Ndege ndogo ya injini moja, mathalani Cessna Caravan, inakunywa takribani lita 190 za mafuta ya ndege kwa saa moja ya kuruka. Hiyo ni siku ikiruka. Siku ambayo hairuki bado kuna mishahara ya marubani, bima, mafundi, ukaguzi unaofuata saa za kuruka iwe mmepata mgonjwa au hamkupata, vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na daktari na muuguzi waliofunzwa kumhudumia mgonjwa akiwa angani. Wilaya moja haiwezi kuubeba mzigo huo, na hata mkoa mzima utalemewa. Milioni 30 zenu zingeishia kwenye makaratasi ya awali.

Hata nchi tajiri hazikuanza kwa serikali kununua ndege na kuzigawa. Australia walianza mwaka 1928 kwa juhudi za mchungaji John Flynn, na michango ya watu wa kawaida ndiyo iliyoifikisha huduma ile ilipo. Uingereza, kuanzia Cornwall mwaka 1987, helikopta nyingi za wagonjwa zinaendeshwa na mashirika ya hisani. Zinaishi kwa bahati nasibu za kila wiki, maduka ya nguo za mitumba na urithi wanaoachiwa na waliofariki. Hapa kwetu, wazo la Madaktari Warukao wa shirika la afya la AMREF lilizaliwa miguuni pa Kilimanjaro mwaka 1956 na huduma ikaanza mwaka uliofuata, kituo chake kikiwa Nairobi. Arusha kuna Flying Medical Service, iliyoanza mwaka 1983 na kuhudumia zaidi vijiji vya wafugaji, nayo ikitegemea wachangiaji.

Ila mfano ninaotaka mkae nao kwenye kikao ni wa Uswisi, nchi ya milima kama yenu. Huduma yao ya uokoaji wa anga, Rega, ilianzishwa mwaka 1952. Miaka ya sitini fedha zikakauka, na serikali kuu haikukubali kuubeba mzigo. Mwaka 1966 wakawaendea wananchi na ombi jepesi: kila mtu atoe mchango mdogo kila mwaka, na atakayepatwa na janga ataokolewa bila familia yake kudaiwa pale bima isipolipa. Leo wachangiaji wao wamepita milioni tatu. Mtu hakuombwa kutoa kikubwa. Aliombwa kutoa kidogo kabla hajaugua, na kurudia mwaka unaofuata. Huo ndio msingi wa mfuko wenu, na hamhitaji mamilioni ya watu ili uwafae.

Sasa nieleze safari yenyewe ilivyo, maana asiyeijua atachangisha fedha pungufu. Mgonjwa akiwa Makete, ndege haiko Makete. Inatoka Dar es Salaam au Nairobi ikiwa haina mgonjwa, inatua, inapakia, inarudi. Mnalipia kwenda na kurudi. Kutoka Dar hadi uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, kwa njia ya anga ni karibu kilomita 700. Ndege kama Pilatus PC-12 inachukua kama saa moja na nusu, Caravan inapita saa mbili. Ongeza muda wa kuandaa wahudumu, muda wa kumhamisha mgonjwa kutoka kitanda hadi kitanda, kisha gari la wagonjwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar hadi Muhimbili kwenye foleni. Mambo yakienda vizuri, kuanzia simu ya kwanza hadi mgonjwa anapokelewa, hesabu saa tano au sita. Kwa barabara ya TANZAM kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 na nusu siku au zaidi, pamoja na mteremko wa Kitonga ambao malori yakikwama gari la wagonjwa nalo linakaa. Saa sita dhidi ya kumi na mbili au kumi na nne ni faida kubwa kwa mtu anayevuja damu ndani ya fuvu. Lakini faida hiyo yote huliwa na saa za kutafuta fedha, na ndivyo ilivyotokea kwa kijana wenu.

Kisha kuna kiwanja. Songwe ina njia ndefu ya lami inayopokea ndege kubwa, ila kutoka Makete ni safari: ama mpande Kitulo mkatokee Isyonje, ama mzunguke Njombe na Makambako. Kiwanja cha Njombe kiko karibu zaidi, pale mjini, lakini si kila ndege na si kila saa itakubali kutua kiwanja kidogo. Viwanja vidogo hutumika mchana tu, na ninyi mnaijua asubuhi ya Juni au Julai ukungu ulivyo. Andikeni barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na kwa kampuni mtakayochagua, muulize kila kiwanja kinafaa kwa ndege gani, saa ngapi na msimu gani. Jibu liwe kwenye karatasi, lipigwe chapa, libandikwe kwenye chumba cha zamu cha hospitali. Msisubiri ajali ndipo muulize.

Na helikopta? Najua itaulizwa, huwa inaulizwa. Helikopta hutua kwenye uwanja wa mpira, hilo ni kweli. Lakini ni ghali kwa kila saa, haiendi mbali bila kuongeza mafuta, na huko juu ambako hewa ni nyembamba nguvu yake hupungua. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa umbali wa Makete hadi Dar, iacheni.

Jambo la tatu ni la kitabibu, na hapa nawaomba msikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo mfuko unapoweza kuokoa au kupoteza. Ndege haimfai kila mgonjwa mahututi. Inamfaa mwenye tatizo linalosubiri saa kadhaa lakini halisubiri siku, na ambalo mtaalamu wake hayupo karibu: jeraha la kichwa linalohitaji daktari bingwa wa ubongo wa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyoko Muhimbili, uti wa mgongo uliovunjika, majeraha makubwa ya moto, mtoto aliyezaliwa na kasoro inayohitaji upasuaji. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri saa sita. Huyo anahitaji damu kwenye jokofu la hospitali ya karibu, mtu wa kumpasua usiku huohuo, na gari la kumtoa zahanati. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, ni 115. Mpango huo huwatumia madereva wa kijamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo, na serikali iliuzindua kitaifa mwaka 2022. Ulizeni kama kila kitongoji chenu kinaijua namba hiyo, na kama dereva wa kata yenu amesajiliwa. Kazi hiyo haigharimu karibu chochote, na kwa mtazamo wangu itaokoa watu wengi kuliko ndege. Ndiyo maana nasema mfuko uitwe wa rufaa za dharura, na ndege iwe sehemu yake moja.

Kabla mgonjwa hajapanda, lazima awe ametulizwa. Mwenye hewa iliyovuja kifuani akipandishwa bila mrija wa kifua, hewa ile hutanuka kadiri ndege inavyopanda na inaweza kumuua njiani. Aliyepoteza fahamu anahitaji njia ya hewa iliyolindwa. Na oksijeni: mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anakula lita 600 kwa saa. Mtungi mdogo wa kubeba wenye lita 340 unakwisha katika dakika 34. Barabara ya Makete hadi Songwe haiishi kwa dakika 34. Nenda hospitali ya Ikonda au hospitali yenu ya wilaya, mwombe muuguzi wa zamu akuonyeshe mitungi inayowekwa kwenye gari la wagonjwa, usome geji, uulize mingine iko wapi na nani mwenye ufunguo wa stoo usiku. Hesabu hii moja, ikifanywa mbele ya wanachama, itawaeleza kwa nini sehemu ya michango lazima ibaki wilayani.

Tuje kwenye kiasi. Siwezi kuwatajia bei, kwa sababu inabadilika kwa aina ya ndege, kiwanja, hali ya mgonjwa na bei ya mafuta. Ila jueni kwamba safari moja ya kukodi kutoka huku hadi Dar ni maelfu ya dola. Tangu mwaka 2025 kanuni zinataka huduma za ndani zitozwe kwa shilingi, lakini mafuta, vipuri na bima ya ndege bado vinafuata dola, kwa hiyo ombeni nukuu mpya kila baada ya miezi sita. Ombeni kwa kampuni zisizopungua mbili, kwa maandishi, zikitaja njia halisi: Songwe–Dar, Njombe–Dar. Ulizeni kilichomo ndani ya bei: daktari yumo? Mashine ya kupumulia imo? Gari la wagonjwa la upande wa Dar limo? Ndugu mmoja anaruhusiwa kupanda? Ndege ikifika ikakuta mgonjwa amefariki, mnalipa kiasi gani? Swali la mwisho ni gumu kuuliza, lakini liulizwe. Waombe pia cheti chao cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mkishapata nukuu, kanuni ninayoitumia ni kwamba mfuko usitangaze huduma kabla haujawa na fedha za safari mbili. Moja haitoshi. Mkitumia ya kwanza Jumatatu, na ajali nyingine ikatokea Alhamisi, familia ya pili haitaelewa kwa nini ya kwanza ilisaidiwa, na mfuko utavunjika kwa manung'uniko. Tuchukue mfano wa hesabu tu: nukuu ikija milioni 25, akiba ni milioni 50. Kaya 2,000 zikitoa shilingi 15,000 kwa mwaka ni milioni 30. Mkiongeza hizo ahadi zenu, zikilipwa, mwaka wa kwanza mmevuka. Na mwaka ambao hakuna safari, akiba haigawanywi wala haikopeshwi. Hapo patakuwa na vishawishi, kwa sababu fedha iliyolala humfanya kila mtu akumbuke shida nyingine. Katiba ya mfuko iseme wazi kwamba kulala ndiyo kazi yake.

Nimesema "zikilipwa" kwa makusudi. Unayajua makundi yetu ya WhatsApp. Orodha inanakiliwa, kila mtu anaongeza jina lake na kiasi, namba 1 hadi namba 87, na waliolipa wanawekewa alama ya vema. Baada ya wiki tatu alama ni za watu wale wale 30, na orodha imezama chini ya salamu za asubuhi na picha za arusi. Ahadi za msiba na arusi hulipwa kwa sababu zina tarehe. Janga halina tarehe. Hivyo mchango wenu usitegemee ahadi. Uambatane na kitu ambacho tayari kina siku yake.

Kwa wenye maduka, iwe kiasi kidogo kila mwezi kwa lipa namba ya mfuko, siku ileile wanayolipa kodi ya fremu. Kwa wakulima, iwe msimu: viazi vinapouzwa, mbao zinapotoka, pareto inapolipwa. Zungumzeni na AMCOS, yaani vyama vya ushirika wa mazao, na vikundi vya wakulima wakubaliane wenyewe kwenye mkutano wao kiasi kwa gunia au kwa kilo, kwa hiari na kwa muhtasari uliosainiwa. Msisimame barabarani kuwatoza madereva wa malori. Hiyo itachanganywa na ushuru wa halmashauri na itawaletea kesi. Kwenye vitongoji, shilingi elfu moja moja zikitumwa kwa simu makato yanazitafuna, kwa hiyo balozi au mweka hazina wa kitongoji azipokee kwa stakabadhi na azitume kwa pamoja. Makanisa yanaweza kutenga Jumapili moja kwa mwaka. Hiyo Jumapili moja, ikifanywa na sharika zote za wilaya kwa siku moja, ina nguvu kuliko mnavyodhani, kwa sababu wanaohubiri ndio wanaowazika watu hawa.

Kuhusu sheria, kama umoja wenu umesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, someni katiba yenu kama inawaruhusu kuchangisha umma kwa huduma ya afya, au kama mnahitaji kusajili chombo kingine, iwe shirika chini ya sheria ya NGO ya mwaka 2002 au kikundi cha kijamii cha ngazi ya halmashauri. Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya atawaongoza. Kibali cha harambee kiombwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya mapema, na Mganga Mkuu wa Wilaya awemo kwenye mazungumzo tangu kikao cha kwanza. Bila yeye mtajenga kitu pembeni ya mfumo wa rufaa, na usiku wa janga hakuna atakayewapigia simu.

Ninapoombwa ushauri, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi: fedha itatokaje. Watu wakichanga wanataka ulinzi, na ulinzi maana yake watia saini watatu, mihtasari na benki. Mgonjwa anataka haraka. Mambo haya mawili yanagombana, na mifuko mingi ya jamii inashindwa hapo. Benki imefungwa Jumamosi usiku. Mtia saini mmoja yuko Kariakoo amelala, mwingine yuko shamba hakuna mtandao. Suluhisho ni kufanya ulinzi wote kabla. Ingieni mkataba na kampuni ya ndege wakati hakuna mgonjwa, muweke kwao amana au barua ya dhamana ya benki, na mkataba useme kwamba watakubali kuruka kwa simu kutoka kwa mmoja kati ya watu watatu waliotajwa kwa jina na namba. Mmoja awe Makete, mmoja Mbeya, mmoja Dar. Hao hawashiki fedha. Kazi yao ni kuthibitisha mambo mawili tu: kwamba daktari wa zamu amejaza fomu ya rufaa, na kwamba hospitali inayopokea imekubali. Kila mwezi mmoja wenu apige simu ya majaribio usiku, bila kuwaonya, aone nani anapokea. Asiyepokea mara mbili abadilishwe, hata awe mzee wa heshima kiasi gani.

Na nani anapanda? Waamue madaktari, wawili, mmoja wa hospitali inayotoa na mmoja wa inayopokea. Kamati isiwe na kura. Nawasihi mlishike hili, kwa sababu siku moja mgonjwa atakuwa baba wa mchangiaji mkubwa, ana saratani iliyokwisha kusambaa, na familia itadai ndege kwa haki ya milioni walizotoa. Siku nyingine atakuwa mtoto wa mjane ambaye hajatoa hata mia. Kama kanuni yenu inasema mchangiaji kwanza, mtoto yule atakufa mbele ya akaunti iliyojaa, na hakuna mwanachama atakayeweza kumtazama mama yake sokoni. Mchango uwe wa kila anayeweza, huduma iwe ya kila mkazi ambaye daktari amesema inamfaa. Watakaokuwa na bima ya ndege za wagonjwa, ama kupitia mwajiri ama kupitia uanachama wa mwaka kama ule wa Maisha wa AMREF Flying Doctors, bima yao itumike kwanza na mfuko wenu upumzike. Wanachama wenu wenye uwezo washauriwe kujikatia wenyewe; kila mmoja anayejitegemea anamwachia nafasi asiyejiweza. Ulizeni pia kuhusu safari za hisani, kwa kuwa AMREF huzifanya kwa wasio na uwezo kwa kuangalia hali ya mgonjwa na fedha zilizopo, ila msizihesabu kama zenu.

Tengeni pia fungu dogo kwa ajili ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa. Mama anayefika Muhimbili usiku na kanga aliyotoka nayo nyumbani, hajui mtu, hana nauli wala pa kulala, naye yumo ndani ya dharura. Wanachama wenu wa Kariakoo wanaweza kulibeba hili bila fedha nyingi: mtu wa kumpokea, kitanda, chakula, na mtu wa kwenda naye dirishani.

Suala la maiti liandikwe mapema. Litakuja, kwa sababu sisi tunazika nyumbani. Wagonjwa wengine watafia Dar licha ya kila kitu, na ukoo utageukia mfuko kwa gharama za kusafirisha. Mkikubali mara moja, ndani ya mwaka mfuko utakuwa wa misiba, kwa kuwa misiba ni mingi kuliko rufaa. Umoja wenu bila shaka una utaratibu wa rambirambi. Uendelee hukohuko, akaunti nyingine, watu wengine. Semeni hivyo kwenye mkutano wa kwanza kabisa, kwa upole, wakati hakuna aliyefiwa.

Taarifa za fedha zisomwe kwenye mikutano ya vijiji na zibandikwe kwenye mbao za matangazo: kilichoingia, kilichotoka, kilichopo. Jina la mgonjwa lisiandikwe. Andikeni "safari moja, jeraha la kichwa, Songwe hadi Dar", na kiasi. Picha ya mtu akiwa na mirija puani huleta michango kwa siku mbili na fedheha kwa miaka. Kama aliyepona anataka kuja mwenyewe kusimama mbele ya watu na kushukuru, mpokeeni.

Harambee ya Desemba ifanyeni, kwa sababu ndipo watu wenu wote wako nyumbani na hamtawapata tena mpaka mwaka uishe. Lakini kabla ya siku hiyo kamilisheni nukuu, mkataba wa awali, barua ya Mganga Mkuu na kanuni ya nani anapanda, ili mtu akitoa ajue anatoa kwa nini. Zile milioni 30 zilizoahidiwa zilipwe kabla, siku ile itangazwe kilichomo benki tu. Mezani wekeni fomu za kujiandikisha kuchangia kila mwezi au kila msimu, na wahesabieni watu idadi ya walioandikishwa kabla ya kutaja jumla ya fedha. Mgeni rasmi mwalikeni, ila mwombeni mapema atoe kitu mahususi mnachokihitaji wilayani: mitungi ya oksijeni ya gari la wagonjwa, au jokofu la damu. Na apewe muda mfupi wa kuzungumza. Muda mrefu mpeni muuguzi wa zamu ya usiku, asimame na ule mtungi wa lita 340, awafanyie watu hesabu.